Kitabu Hurithiwa, Imani Huchaguliwa

Mtoto hurithi mambo mengi kwa wazazi wake bila kuulizwa. Hurithi jina, sura, lugha ya kwanza, na pengine shamba au deni. Mambo hayo humjia kama mvua inavyoujia mmea. Hayangoji ridhaa yake. Lakini liko jambo moja ambalo watu wamebishana juu yake kwa karne nyingi, nalo ni imani. Je, imani nayo hurithiwa? Je, mwana wa mcha Mungu ni mcha Mungu kwa sababu tu ni mwana wake? Na ikiwa sivyo, wazazi wafanye nini: wanyamaze hadi mtoto apate akili zake, au wamfundishe tangu angali magotini?

Ni watu wachache ambao swali hili limewagharimu kama lilivyowagharimu Wamennonite. Historia yao ilianza Zurich, mji wa Uswisi, mwezi wa Januari mwaka 1525. Siku zile kila mtoto alibatizwa akiwa mchanga, na kwa ubatizo ule akahesabiwa kuwa mtu wa kanisa na mtu wa dola kwa pamoja. Kikundi kidogo cha Wakristo kiliikataa desturi hiyo. Walisema kwamba ubatizo ni wa mtu aliyefikia umri wa kuamua, akaamini kwa hiari yake mwenyewe. Wakabatizana upya. Jambo hili laonekana dogo kwetu, lakini kwa watawala lilikuwa uasi, maana lilitenganisha kanisa na dola. Mwaka 1527 Felix Manz, mmoja wa viongozi wao, alitoswa katika mto Limmat mjini Zurich, akafa. Mwaka 1529 wakuu wa Ujerumani walikutana Speyer, wakatangaza adhabu ya kifo kwa wale waliobatizwa mara ya pili. Hata hivyo imani ile ilienea. Mwaka 1536 padri mmoja wa Friesland, katika Uholanzi, aliyeitwa Menno Simons, aliacha upadri akajiunga nao. Aliwaongoza kwa maandishi na kwa mwenendo mpaka alipofariki mwaka 1561, na kwa jina lake wafuasi wake wakaitwa Wamennonite. Walikataa kula kiapo, na walikataa kushika silaha hata kwa kujilinda.

Sasa tazama ajabu hii. Watu hawa walikubali kufa kwa kusema kwamba imani haipokewi kwa kuzaliwa. Na bado ni vigumu kupata watu waliothamini vitabu vya urithi kuliko wao. Katika nyumba zao, baada ya Biblia, vilikuwamo vitabu vilivyopita kutoka mkono wa babu hadi mkono wa mjukuu. Kimoja ni kitabu cha nyimbo kiitwacho Ausbund. Kiini chake ni nyimbo zilizotungwa na wafungwa wa imani katika ngome ya Passau kati ya mwaka 1535 na 1540, nacho kilichapwa mwaka 1564. Ndani yake mna maneno tu. Alama za muziki hazimo. Sauti za nyimbo zile hupokewa kwa masikio, mtoto akimsikiliza mzazi. Waamish, waliotengana na Wamennonite wengine mwaka 1693, wangali wanakiimba hata leo.

Lakini kitabu kikubwa kuliko vyote, kwa uzito na kwa habari, ni kile ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita Kioo cha Mashahidi. Mashahidi hapa maana yake ni watu waliouawa kwa ajili ya imani yao. Kitabu hiki kilitungwa na Thieleman van Braght, mhubiri wa mji wa Dordrecht, kikachapwa kwa Kiholanzi mwaka 1660. Ndani yake alikusanya habari za Wakristo walioteswa tangu zama za Mitume hadi zama zake mwenyewe, pamoja na barua zao kutoka gerezani na hukumu walizosomewa. Toleo la mwaka 1685 lilipambwa kwa picha 104 zilizochongwa na msanii Jan Luyken katika sahani za shaba. Kwa vizazi vingi watoto wa Wamennonite walikaa kando ya mzazi wao jioni wakiyafunua makurasa yale, na kabla hawajajua kusoma herufi walijua kusoma picha.

Mojawapo ya picha hizo yawahusu vijana wa umri wenu. Mwaka 1573, katika mji wa Antwerp, mwanamke aliyeitwa Maeyken Wens, mke wa mwashi, alihukumiwa kuchomwa moto. Alipokuwa gerezani alimwandikia barua mwanawe mkubwa, Adriaen. Siku ya kuuawa, ulimi wake ulibanwa kwa chuma kilichokazwa kwa skrubu, asipate kuusemesha umati njiani. Adriaen alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Alikwenda uwanjani na mdogo wake wa miaka mitatu hivi, akasimama juu ya benchi ili aone. Mama yake alipoletwa, kijana alizimia, akaanguka. Aliporudiwa na fahamu, mambo yalikuwa yamekwisha. Ndipo alipokwenda penye majivu, akapekua kwa mikono yake mpaka akakipata kile chuma, akakihifadhi kuwa ukumbusho.

Picha ya Luyken yawaonyesha vijana wawili wameinama juu ya majivu. Nadhani hapana picha iwezayo kueleza vizuri zaidi maana ya urithi. Kila nyumba, na kila kabila, na kila taifa lina majivu yake, na ndani ya majivu mna chuma. Swali si kama tutakipata. Wakubwa wetu watatuonyesha kilipo. Swali ni tutakifanyia nini. Chuma kile kile chaweza kufuliwa kikawa kisu cha kulipiza kisasi, na chaweza kuhifadhiwa kikawa ukumbusho wa ujasiri.

Hapo wako watakaouliza, na wana haki kuuliza: Je, ni vyema mtoto kusomewa habari za moto na maji na vyuma vya mateso? Je, hatujengi chuki moyoni mwake? Mtoto akisikia kila jioni jinsi watu wake walivyoonewa, hatakua akiwatafuta wana wa walioonea? Hofu hii si ya bure. Vita vingi duniani vimelishwa kwa hadithi zilizosimuliwa kando ya moto. Masimulizi ya dhuluma ni kama kaa la moto: lapika chakula, na laweza kuteketeza nyumba.

Lakini tazama ni hadithi gani Wamennonite waliipenda kuliko nyingine zote katika kitabu kile. Ni habari ya Dirk Willems wa Asperen, Uholanzi, mwaka 1569. Mtu huyu alitoroka kifungoni wakati wa baridi, akakimbia juu ya maji yaliyoganda kuwa barafu. Askari mmoja alimfuata mbio. Dirk alivuka salama, lakini barafu ilivunjika chini ya mfuasi wake, naye akawa anazama. Dirk alikuwa huru. Hakuna sheria ambayo ingemlaumu kama angeendelea na safari yake. Lakini aligeuka, akarudi, akamnyoshea mkono adui yake, akamtoa majini. Askari yule alitaka kumwacha aende zake, lakini mkuu wa mji alimpigia kelele kutoka ng'ambo akumbuke kiapo chake. Basi Dirk alikamatwa tena, na tarehe 16 Mei mwaka huo akachomwa moto.

Luyken hakuchora moto ule. Alichora mikono: mmoja ukizama, mwingine ukinyoshwa. Mtoto anayelelewa na picha hiyo hafundishwi kumchukia askari. Afundishwa kwamba askari naye ni mtu anayeweza kuzama. Hapa ndipo penye tofauti ya masimulizi na masimulizi. Yapo yanayomwambia mtoto, "Watazame waliotutenda hivi." Na yapo yanayomwambia, "Tazama jinsi aliyetendewa hivi alivyobaki mtu." La kwanza humpa mtoto adui, la pili humpa mtoto mfano.

Sasa na turudi kwenye swali la kwanza. Ikiwa imani hairithiwi, kwa nini kumrundikia mtoto vitabu hivi? Je, si njia nyingine ya kumbatiza mchanga, kwa wino badala ya maji?

Jibu mojawapo limo katika sababu ya kuandikwa kwa kitabu chenyewe. Van Braght hakuandika wakati wa mateso. Mwaka 1660 Wamennonite wa Uholanzi walikuwa wameachwa huru kwa miaka mingi. Wengi walikuwa wafanyabiashara, na baadhi yao matajiri. Mwandishi aliona kwamba raha ni hatari kwa imani kuliko dhiki, kwa sababu dhiki humlazimisha mtu kuchagua, ilhali raha humwacha asichague lolote. Mtoto wa mateso alijua gharama ya kuamini. Mtoto wa raha alikaa kanisani kwa mazoea, kama mtu akaavyo kitini. Basi kitabu kiliandikwa ili kumwamsha aliyelala, wala si kumfunga. Kilimwuliza: "Hawa walichagua. Wewe je?"

Habari ya pili yatoka Marekani. Mwaka 1742 Wamennonite wa Pennsylvania, waliokuwa wahamiaji wenye kusema Kijerumani, waliwaandikia ndugu zao wa Amsterdam. Waliona dalili za vita, wakahofu kwamba vijana wao hawangejua kwa nini baba zao walikataa silaha. Waliomba wasaidiwe kukitafsiri kitabu kile kwa Kijerumani. Msaada haukuja. Ndipo walipoafikiana na watawa wa jumuiya nyingine ya Kikristo huko Ephrata, waliokuwa na kinu cha karatasi na mitambo ya kupigia chapa. Watu kumi na watano walifanya kazi kwa miaka mitatu. Peter Miller alitafsiri. Wengine wakatengeneza karatasi, wakapanga herufi, wakapiga chapa. Kazi ilipokwisha, mwaka 1748 na 1749, walikuwa wamechapa nakala 1,300 za kitabu chenye makurasa zaidi ya 1,500. Hakuna kitabu kikubwa zaidi kilichochapwa katika makoloni yale ya Marekani kabla ya uhuru.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, karatasi zilizosalia Ephrata, zilizochapwa lakini hazijajalidiwa, zilichukuliwa na askari waliokosa karatasi za kufungia baruti. Hivyo maneno ya watu waliokataa kuua yalitiwa ndani ya bunduki. Baadhi ya karatasi hizo zilikombolewa baadaye na waumini, zikajalidiwa. Nyingine zilikwisha kwa moshi.

Twaweza kusikitika, na twaweza pia kujifunza. Karatasi haina uwezo wa kujilinda. Maneno matakatifu yakikosa mioyo ya kuyashika, huwa karatasi tu, na karatasi hutumiwa na yeyote kwa lolote. Tena hatari hii haikutoka kwa askari wageni peke yao. Katika miaka ya 1918 na 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoichafua Urusi, vijana wa Kimennonite katika vijiji vya Ukraine waliunda vikosi vya silaha ili kujikinga na wavamizi. Dhiki yao ilikuwa kubwa, na ni nani awezaye kuwahukumu kwa wepesi? Lakini wengi wa watu wao wenyewe walikuja kusema kwamba lilikuwa kosa. Na huko Ujerumani, katika utawala wa Hitler, Wamennonite wengi walikuwa wamekwisha kuacha fundisho la kutoshika silaha. Vijana wao walivaa sare na kwenda vitani kama wengine. Majina yao yalikuwa majina ya mashahidi. Urithi ulikuwapo, uchaguzi haukuwapo.

Kuna mfano wa kale zaidi unaothibitisha jambo hili kwa upole. Mwaka 1539 mwanamke kijana, Anneken Jans, alitoswa majini huko Rotterdam. Mtoto wake Esaias alikuwa na umri wa miezi 15. Njiani kuelekea mautini mama huyo aliomba umati, nani atamlea mwanawe. Na mwoka mikate mmoja akampokea. Mama alimwachia mtoto wosia ulioandikwa, ambao umesomwa katika nyumba nyingi za Wamennonite hadi leo. Mtoto yule alikua, akawa mpika bia na hatimaye mkuu wa mji wa Rotterdam, cheo ambacho watu wa imani ya mama yake walikiepuka kwa kuwa kilishika upanga wa dola. Wosia mzuri kuliko yote haukumfunga mwana. Wala mama huyo, kama alielewa vyema imani aliyoifia, hakutaka umfunge. Mtu hawezi kufa kwa ajili ya hiari halafu akamnyima mwanawe hiari hiyo hiyo.

Na kama damu haitoshi kuleta imani, kukosa damu hakumzuii mtu kuipata. Ushahidi wa jambo hili tunao karibu. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walifika Shirati, katika Tanganyika, si mbali na mpaka wa Kenya. Watu waliowakuta hawakuwa na babu aliyetoswa katika mto Limmat wala bibi aliyechomwa Antwerp. Hata hivyo waliamini, wakabatizwa wakiwa watu wazima, kama wale wa Zurich. Tangu miaka ya 1940 waumini wa upande ule walivuka mpaka wakahubiri miongoni mwa Waluo wa Kenya. Mwaka 1967 Zedekiah Kisare alikuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite la Tanzania.

Zaidi ya hayo, tazama Ethiopia. Mwaka 1982 serikali ya kijeshi ililifunga kanisa la Meserete Kristos, ambalo ni la jamaa hii ya Wamennonite. Majengo yalitwaliwa, na viongozi wake wakawekwa gerezani kwa miaka kadhaa. Waumini walikutana majumbani kwa siri, vikundi vidogo vidogo. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1991, kanisa lilitoka mafichoni likiwa limeongezeka mara nyingi kuliko lilivyokuwa. Leo Wamennonite na jamaa zao walio Afrika ni wengi kuliko wale wa Ulaya. Nani basi mrithi wa Dirk Willems? Ni yule mwenye jina la Kiholanzi na kitabu kikubwa kabatini, au ni mama wa Addis Ababa aliyesali kwa sauti ya chini jirani asimsikie? Kitabu kile, kama kingekuwa na ulimi, kingejibu kwamba mrithi ni yule aliyechagua.

Basi je, vitabu vya nyumbani havina faida? Hasha. Vina faida kubwa, lakini tujue ni faida gani. Mbegu haimlazimishi mkulima kupanda, lakini mkulima asiye na mbegu hana la kuamua. Mtoto asiyesomewa kitu hakuachwa huru. Ameachwa mtupu, na mtu mtupu hujazwa na yeyote apitaye. Mzazi anayesema, "Sitamfundisha mwanangu lolote, ili achague mwenyewe," hufanana na mtu anayemwonyesha mgeni njia panda usiku wa giza, kisha akaondoka na taa. Wajibu wa mzazi ni kuishika taa. Haki ya mtoto ni kuichagua njia.

Na wajibu wa kijana ni upi? Kwanza, ni kupokea. Ukipewa Biblia ya bibi yako, au Kurani ya babu yako, au daftari lenye majina ya ukoo wenu, usikitupe chombo hicho kwa kuwa karatasi zake zimekuwa za manjano. Kuna watu waliokilinda ili kikufikie. Pili, ni kusoma. Maana kitabu kilichowekwa kabatini kwa heshima bila kufunguliwa kimezikwa kwa heshima. Tatu, ni kuuliza, maana asiyeuliza hupokea ganda akaacha kiini. Na mwisho ni kuamua, kazi ambayo hakuna mzazi, mwalimu wala mhubiri awezaye kuifanya kwa niaba yako.

Mkumbuke yule kijana wa Antwerp. Hakuchagua kuzaliwa na mama yule, wala hakuchagua kifo chake. Mambo hayo yalimkuta. Lakini alipoinuka kutoka chini alipoanguka, aliamua kwenda penye majivu, na aliamua cha kufanya na alichokiokota. Wakubwa wetu watatuachia majivu na chuma. Watatuachia pia, tukibahatika, kitabu kinachoeleza vilikotoka. Zaidi ya hapo hawana uwezo. Ukurasa unaofuata haujaandikwa, na kalamu imo mkononi mwa msomaji.